Majabali Saa ya Magharibi

Picha ile niliipiga mimi. Naanza na hilo kwa sababu kwenye ukumbi wa maonyesho, hapa hapa Tanga mjini, kikaratasi chini ya fremu kilisema imepigwa na Muhanad Badr, binamu yangu, na Muhanad mwenyewe alisimama kando yake kavaa kanzu mpya, akipokea hongera kama bwana harusi.

Damu ikanichemka.

Ni picha ya majabali ya mawe ya mchanga, jangwani Oman, mwendo wa saa sita kwa gari kutoka Maskati. Tulikwenda mwaka juzi kuwazuru jamaa: mimi, Muhanad, baba yake Ami Badr, na bibi yetu Muzna. Upepo umeyachonga mawe yale, shingo nyembamba na vichwa vikubwa, mengine kama uyoga. Jua lilipokwisha kuzama, chini kukawa kijivu, wekundu ukabaki kwenye vichwa tu. Hapo ndipo nilipobonyeza.

Mtasema, picha moja tu, makelele ya nini? Niacheni niseme. Miaka tisa sasa napiga picha za harusi upande wa wanawake, kuanzia Tongoni mpaka Horohoro. Biharusi anapovuliwa ushungi, niko hapo. Mama mtu anapojificha nyuma ya mlango kulia, niko hapo. Kazi yangu nzuri kuliko zote imefungiwa makabatini mwa watu, na ndivyo inavyopasa, maana wanawake wale hawakujipamba ili waonwe na kila mpita njia. Kwa hiyo sina picha ya kutundika ukutani nikasema hii ni yangu. Ninayo hii moja. Mawe hayavai ushungi.

Kamera ilikuwa ya Muhanad, sikatai. Ndiyo maana picha ilibaki kwake, nami nikawa naiomba, kila siku nitakupa kesho, nitakupa kesho, mpaka nimekuja kuikuta ukumbini.

"Muhanad, hii picha ya nani?" nikamuuliza.

"Tutaongea nyumbani, Najla," akasema kwa sauti ya chini, akanipa mgongo na kuwageukia wageni. Akaanza kuwafundisha. "Siri ni subira. Wengi jua likizama hufunga kamera, wakaenda zao. Mimi nilingoja. Wekundu huu ulikuja baada ya adhana, ukakaa dakika tano hivi, basi."

Maneno hayo niliyasema mimi, ndani ya gari, tukirudi Maskati. Hata maneno aliyabeba!

Bibi Muzna alikuwa ameketi kwenye kiti karibu na mlango. Akainua kichwa.

"Baada ya adhana?"

"Ndiyo, bibi."

"Basi sisi alitusalisha nani?"

Muhanad akaitazama tena picha. Siku ile Ami Badr aliumwa goti, akasali kwenye kiti, akamtanguliza mwanawe. Muhanad alisimama mbele yao ameelekea kibla, majabali yako mgongoni mwake. Bibi alikuwa nyuma yao, anamwona.

"Labda ilikuwa kabla kidogo..." akasema Muhanad.

Ungedhani Ami Badr, aliyekuwa amesimama kando ya kiti cha bibi, atamgeukia mwanawe. Thubutu! Alinigeukia mimi.

"Na wewe ulikuwa wapi wenzako tunasali?"

Alijua. Kila mtu mzima ukumbini alijua. Aliuliza makusudi, mbele ya wanaume nisiowajua, ili nione haya ninyamaze. Na kweli haya nilikuwa nayo, uso ulikuwa unaniwaka. Lakini hasira ilikuwa kubwa zaidi.

"Nilikuwa hedhini, ami. Nilikuwa sisali. Mlipopanga safu, mimi nilichukua kamera."

Mtu mmoja akasema astaghfirullah. Ami Badr akapiga fimbo yake sakafuni.

"Huna haya, Najla! Mbele za watu?"

"Haya nione mimi? Aliyechukua kisicho chake anapewa mkono, na mimi niliyesamehewa sala na Mwenyezi Mungu ndiye nijifiche?"

Wageni wakawa wanatazama sakafu. Ami Badr akashusha sauti, akawa mpole ghafla, ule upole wake wa kumaliza maneno.

"Basi, mwanangu, yaishe. Tuandike 'Familia ya Badr'. Picha ni yetu sote."

"Ninyi nyote mlikuwa mnasali, ami."

Nikaenda kwenye meza ya kuandikishia wageni, nikachukua kalamu ya wino mzito, nikarudi kwenye fremu. Muhanad akasogea kunizuia, kisha akaona watu wanamtazama, akarudisha mkono wake mfukoni. Nikalikata jina lake kwa mstari mmoja.

"Andika kubwa," akasema Bibi Muzna. "Macho yangu hayaoni vidogo."

Nikaandika kubwa: Najla binti Asaad. Hakuna aliyepiga makofi. Ami Badr alitoka bila kuniaga, na najua nyumbani kwake sitaitwa kwa muda mrefu. Acha nisiitwe. Nilisimama kando ya picha yangu mpaka ukumbi ulipofungwa, na kila aliyepita nilimngoja amalize kusoma jina.