Mtaimbo wa Marehemu Dada

Kazi yangu ni kukagua mizani. Kwa miaka ishirini na sita nimeingia madukani na sanduku langu la mawe ya shaba ya kupimia, nikawasikiliza wauzaji wakiapa, kisha nikaiamini mizani peke yake. Mtu wa kazi hii haulizwi habari za mizimu. Mpwa wangu alilijua hilo, na ndiyo sababu alinijia mimi badala ya mama zake wadogo, ambao wangemwamini kabla hajamaliza sentensi.

"Mjomba," alisema, "Jumamosi sirushi."

Mpwa wangu hurusha mkuki. Jumamosi ilikuwa siku ya mchujo wa timu ya taifa. Mama yake, dada yangu, tuliyemzika miezi mitatu nyuma, alimwandaa kwa siku hiyo miaka saba.

"Umeumia?"

"Sijaumia. Nina nguvu kupita kiasi, na si zangu."

Dada yangu alinyanyua vyuma ujanani, kisha akawa mwalimu wa wanawake wa michezo mingine. Hakujua kuogelea wala kudaka mpira. Aliwafundisha kunyanyua, nao wakazipeleka nguvu hizo walikotaka. "Mkuki hurushwa na nyonga," alizoea kusema. "Mkono ni tarishi, unapeleka barua tu." Muogeleaji mmoja alipomwambia kwamba majini hakuna chuma, alimjibu kwamba hata ukuta wa bwawa husukumwa kwa miguu, na miguu haijui kama imelowa.

Alasiri hiyo nilikwenda ukumbini kwake, ghala nyuma ya karakana ya matairi. Ukutani palikuwa na alama ya kiganja chake kwa unga wa chaki wanyanyuaji wanaokaushia mikono. Hakuna aliyekuwa amethubutu kuifuta. Muogeleaji alikuwapo, pamoja na golikipa mrefu waliyemwita Popo.

"Ndiye mkaguzi huyu?" Popo aliuliza. "Atampima Mwalimu kwa kilo au kwa ratili?"

"Kwa kilo," nikasema. "Akipungua, faini mtalipa nyinyi."

Mpwa wangu aliugeuzia mgongo mtaimbo uliovikwa sahani za chuma, akasubiri. Ilikuwa kanuni ya ukumbi: mnyanyuaji hageuki mpaka Mwalimu, akiwa nyuma yake, aseme, "Pumua. Haya." Sasa hapakuwa na wa kusema, nao waliendelea kusubiri kimya kwa muda uleule. Kisha akageuka, akainama, akaupandisha mzigo kutoka sakafuni hadi juu ya kichwa.

"Sitini na tano," alisema alipoushusha. "Ilinishinda mwaka mzima. Tangu wiki ya mazishi inapanda kama ufagio."

"Hata kwangu," alisema muogeleaji.

"Mzigo ukifika magotini," Popo akasema, "unapokelewa. Kama mtu atokaye sokoni akakutana na ndugu yake njiani."

"Na aliyekupokea mzigo," mpwa wangu alisema, "iko siku ataurudisha. Sitaki aurudishe Jumamosi, mkuki ukiwa mkononi."

Nilifungua sanduku, nikasimamisha mizani. Nilipima sahani zote za chuma, moja baada ya nyingine; hakuna iliyozidi wala kupungua. Mtaimbo, uliotolewa na chama cha riadha wiki ya mazishi, ulikuwa kilo kumi na tano kamili, kama ilivyo mitaimbo ya wanawake kokote. Nilikuwa nikifunga sanduku nilipoona mtaimbo wa pili, umeegemezwa pembeni, umetundikwa koti la michezo.

"Na ule?"

"Ule ni wa Mwalimu," alisema muogeleaji. "Tangu afariki hatuugusi."

"Mlikuwa mkinyanyua huo?"

"Huo huo. Kumi na tano pia. Alituambia mwenyewe."

Niliondoa koti. Lilinuka dawa ya kuchua misuli, na nikalishika kwa muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji. Mtaimbo ulikuwa mnene kidogo kuliko mwenzake. Mizani ilisema ishirini. Ulikuwa wa wanaume, na wanawake hawa, ambao vyuma kwao vilikuwa shughuli ya kando tu, kabla ya msiba hawakuwahi kushika mwingine wa kuulinganisha nao. Nikapitisha kidole gumba kwenye ncha yake. Chuma kilikwanguliwa kwa tupa pale inapogongwa namba ya uzito. Nimewapeleka mahakamani wenye maduka wengi kwa mikwaruzo ya namna hiyo.

"Mama alijua?" mpwa wangu aliuliza.

Ningeweza kusema uongo. "Alijua. Namba haijifuti."

"Alitudanganya."

"Kilo tano kila siku, miaka saba. Wenye maduka hupunja, yeye alizidisha. Sheria haina kifungu chake."

"Kwa hiyo nguvu ni zangu."

"Kwa mujibu wa mizani."

"Na hakuna anayenipokea."

"Hakuna."

Alilichukua koti mikononi mwangu. "Nilikuja uniondolee hofu, Mjomba," alisema. "Hukuniuliza kama nilitaka na yeye aondoke."

Niliurudisha mtaimbo pembeni. Viganja vyangu vilitoka vyeupe. Vumbi la miezi mitatu liliufunika wote, isipokuwa mahali pawili, kila mahali upana wa kiganja, ambapo chaki ilikuwa mbichi. Niliwauliza, wote watatu waliapa hawakuugusa. Nikahitimisha kwamba mikono ya koti ilipakinga. Sikuipima mikono hiyo, ingawa nilikuwa na futi mfukoni.

Jumamosi alikuja. Mrusho wa kwanza ulikuwa mfupi. Wa pili alikanyaga mstari. Kabla ya wa tatu, wa mwisho, aliugeuzia uwanja mgongo, akasimama. Mwamuzi alitazama saa yake. Watazamaji walidhani amekata tamaa. Mimi, nyuma ya kamba, mbali naye, nilijua anasubiri nini, na nilijua hakitakuja, kwa kuwa nilithibitisha hivyo mwenyewe kwa mizani.

"Pumua," nilisikia mdomo wangu ukisema, kwa sauti ya mtu anayesoma mizani. "Haya."

Vipaza sauti vilikuwa vikinguruma. Hata mtu wa ubavuni mwangu hakugeuka. Mpwa wangu aligeuka, akakimbia.

Waamuzi walivuta futi. Alikipita kiwango cha timu ya taifa kwa sentimita kumi na mbili.

"Nilimsikia," aliniambia baadaye, akikunja koti la mama yake. "Andika hilo kwenye daftari lako."

Kwa miaka ishirini na sita sijawahi kuacha kipimo kibovu kipite mbele yangu. Kile alichonipa yeye nilikiacha kipite.