Neno la Kumzika Nyanya

Mwalimu Makandi alisahihisha insha za Kiingereza za Kidato cha Nne hadi macho yakamuwasha. Mtihani ulikuwa umekaribia, na wanafunzi wake wa shule ya Kinoru walikuwa wamekariri maneno makubwa na kuyamwaga popote. Kisha akafikia insha ya Safiya, binti ya Idrisi mwenye bucha. Safiya aliandika kuhusu siku aliyompoteza nyanya yake: "My grandmother was exterminated in hospital."

Makandi aliweka kalamu chini. Akamwita ofisini.

"Safiya, hili neno 'exterminated' umelitoa wapi?"

"Kwa kitabu ya mtihani, Madam. Si ni kufa?"

"Ni kuangamizwa. Hutumiwa kwa kunguni. Kwa panya."

Msichana akaziba mdomo kwa mtandio. "Nilitaka neno ya heshima," akasema. "'Died' ni ya watoto wa primary."

Makandi hakuwa na nguvu ya kuhutubu. Akamvutia kiti.

"Niambie tu ilivyokuwa."

Safiya alisimulia polepole. Alikuwa amempelekea nyanya uji kwenye chupa. Alikuta kitanda kimetandikwa upya. Muuguzi akamwambia amngoje baba yake, naye akangoja kwenye korido, amekumbatia ile chupa, asijue aiweke wapi. Uji ulikuwa bado moto.

"Basi andika hivyo hivyo," Makandi akasema. "Kwa maneno unayoyajua."

Insha ya pili ilikuwa fupi, na "died" ilikuwemo. Thuranira, mkuu wa idara, alipokuwa akipitia alama, aliishika akakunja uso.

"Kumi na sita kwa ishirini? Msamiati uko wapi hapa, Makandi?"

"Isome kwanza, mwalimu."

Alianza kuisoma akiwa amesimama. Alipofika kwenye uji akaketi. Alimaliza, akatia sahihi, akavuta insha nyingine kutoka kwenye rundo.

Safiya aliporudishiwa karatasi hakufurahi kama Makandi alivyotarajia. Aliitazama kwa muda, akaikunja vizuri.

"Nitamsomea Baba kwa Kiswahili akifunga bucha," akasema. "Hajui nilivyongoja pale hospitalini peke yangu. Hajawahi kuniuliza, na mimi sikujua nitamwambia aje."

Makandi akaitikia kwa kichwa. Kengele ikalia. Alikusanya vitabu vyake akaenda kwa kipindi kilichofuata, kichwa kikimgonga.