Vilima Viwili Vilivyofutwa

Vilima vilikuwa vitano. Cheche alitaja vitatu.

Hakukosea hesabu. Alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, mtu wa kupima mara mbili kabla ya kukata, na safari hii aliipima vivyo hivyo. Madereva wa malori hakuwauliza, maana kwa dereva kilima ni kubadilisha gia tu. Aliwauliza wauza mkaa wanaosukuma baiskeli zenye magunia, watu wanaoijua barabara kwa magoti. Wakampa yote: penye kivuli, penye kokoto za kuteleza, na kwamba baada ya kisima cha mwanzoni mwa njia hakuna tena maji. Akaichora njia kwa chaki kwenye bati la karakana, vilima vitano vimesimama kama meno ya msumeno. Aliposikia sauti ya wifi yake mlangoni, akashika kitambaa, akafuta viwili vya mwisho.

Wifi yake, mke wa kaka yake, alikuwa na duka la dawa na mapafu ya kawaida tu. Mwaka uliopita aliijaribu njia hiyohiyo kwenda kwa mama mkwe, akaishiwa pumzi katikati, akapanda lori la vitunguu, akalala usingizi hadi mwisho wa safari. Mumewe, ambaye mzaha haumkauki mdomoni, alimpokea getini kwa mama kwa sauti ya kusikika mtaa mzima: "Mzigo umefika!" Tangu siku hiyo akawa Mzigo, nyumbani hadi dukani. Wateja wenyewe walimwita hivyo huku wakinunua dawa za kikohozi. Alicheka nao. Ila baiskeli aliitundika ukutani, na Cheche akajua kicheko kile kimemkwama kooni; ndipo akamshawishi wajaribu tena, wawili.

"Vitatu tu?" wifi aliuliza, ameinamia bati.

"Vitatu. Cha mwisho kinauma kidogo."

"Na hapa mbona peupe hivi?"

"Vumbi la chaki. Hii karakana, wifi, siyo duka lako la dawa."

Waliondoka kungali na umande. Kilima cha kwanza walikipanda kwa umbea. Cha pili kikawanyamazisha. Cha tatu wifi alikipanda akiwa amelala juu ya usukani, gia nyepesi kuliko zote, mnyororo ukilia kama panya. Alipofika juu, aliitupa baiskeli majanini, akapiga kigelegele, akafungua chupa yake na kujimwagia maji yote kichwani.

Cheche akabaki ameachama. Hilo hakulipima.

"Mbona unanitazama hivyo? Si tumemaliza?"

Mwanamke aliyekuwa akipalilia kando ya barabara akainua mgongo. "Mmemaliza nini, mabinti? Bado viwili. Na hicho cha mwisho ndicho chenyewe."

Wifi aligeuka polepole, maji yakimchuruzika kidevuni.

"Ulijua."

"Nilijua."

"Ningekuwa na maji, wallahi ningekumwagia wewe!"

Nyuma yao lori lilikuja likikoroma, likapunguza mwendo. Dereva akachungulia. "Dada, hali mbaya hiyo. Nafasi ipo, pandeni."

Wifi alilitazama lile lori. Alilitazama kwa muda, na Cheche akahisi moyo unamshuka hadi kwenye kanyagio. Akipanda leo, ataitwa Mzigo mpaka wajukuu. Cheche alichomoa chupa yake, ambayo hakuwa ameigusa tangu kisimani, akamnyooshea.

Wifi aliipokea bila asante, akainywa hadi tone la mwisho. Kisha akamgeukia dereva. "Nenda salama, kaka. Nina ugomvi na mtu hapa, na kwenye gari lako hautaenea."

Akapanda baiskeli. "Mwongo!" Akakanyaga. "Mnafiki!" Akakanyaga. "Nilikuona mtu!" Kilima cha nne kikapita chini ya matusi. Cheche alimfuata, ulimi umenata kama gundi kwa kiu. Matusi yale yalikuwa yakivuta kuliko gia yoyote.

Cha tano walikisukuma kwa mikono, bega kwa bega, hasira yenyewe sasa ikihema. Halafu barabara ikawa tambarare chini ya miguu, na bonde likafunguka: bati la nyumba ya mama, nguo kwenye kamba, moshi wa jikoni. Wifi akakaa chini kwenye vumbi, akacheka hadi machozi yakamtoka, na safari hii hakuna kilichokwama.

Waliteremka wakibana breki kidogo kidogo, upepo ukiwakausha jasho. Kaka yake Cheche alikuwa getini, ametangulia kwa gari, kikombe cha chai mkononi.

"Mzi..." akaanza, kisha akaona baiskeli, na nani aliyeikalia.

"Malizia," mkewe alisema.

"Nimalizie nini, mama watoto? Ngoja nikuletee maji."

Na akayaleta mwenyewe, mbio. Wifi akakaa kibarazani, miguu ndani ya beseni, uso umemlegea kwa raha. Akamwita Cheche kwa kidole.

"Sasa wewe. Ulinidanganya."

"Nilikudanganya."

"Ningekufa kwa kiu."

"Ulikunywa yangu."

"Basi niombe radhi, yaishe."

Cheche alikunywa maji taratibu, akafuta mdomo kwa mgongo wa mkono.

"Siombi, wifi. Leo siombi, na kesho ukiniuliza, siombi."