Wifi na Laptopu ya Mama

Mama alikuwa mkunga mstaafu, na kila Jumapili alizungumza na wajukuu zake wa mbali kwenye laptopu yake kuukuu. Ilipogoma kuwaka, binti yake, Dada Mkubwa, ndiye aliyeihangaikia, kama alivyohangaikia kila kitu nyumbani humo tangu baba yao afariki. Akabadilisha chaja, akabonyeza kitufe mpaka kidole kikauma. Wapi. Feni ilivuma kidogo, kioo kikabaki cheusi tii.

"Mwite wifi yako," Mama akasema.

Kaka mdogo alikuwa ameoa juzijuzi tu, na tayari kwa Mama ilikuwa mkwe wangu hivi, mkwe wangu vile.

"Intaneti wifi, laptopu nayo wifi," Dada Mkubwa alinung'unika, lakini akapiga simu.

Wifi alikuja na bisibisi ndogo mkobani. Akatandika taulo mezani, akailaza mashine kifudifudi, akatoa betri, akafungua kifuniko na kuchomoa kipande chembamba cha memori.

"Meno yake haya ya shaba ukingoni yameshika uchafu," alisema. "Nikiyasugua kwa raba ya penseli, huenda ikaamka."

Mama akatabasamu. "Ndiyo maana wakasema mgeni njoo, mwenyeji apone."

Roho ya Dada Mkubwa ilichonyota kama kidonda kilichotiwa ndimu. Miaka yote ile ya kumkanda Mama magoti, yeye hakuwahi kutolewa hata nusu ya methali. Wifi alipoingia chumbani kutafuta raba, na Mama akageuka kupokea simu, mkono ulitangulia akili. Kipande kikazama mfukoni mwake.

Wifi alirudi, akatafuta juu ya taulo, chini ya meza, ndani ya mkoba. Kisha macho yake yakatua kwenye mfuko wa gauni la Dada Mkubwa, ambamo mkono ulikuwa bado umo. Dada Mkubwa akajua kwamba amejulikana.

"Nisamehe, Mama," Wifi alisema. "Nimekipoteza. Uzembe wangu."

"Basi Jumapili hii sitawaona watoto," Mama alisema taratibu, akaketi.

Angelaumiwa, Dada Mkubwa angebisha mpaka jogoo awike. Lakini kusitiriwa na mtu unayemwonea kijicho, hilo lilimshinda. Aliinama chini ya meza.

"Hiki hapa. Kilianguka."

Wifi alikipokea. Alimpa raba. "Sugua wewe, wifi yangu. Mimi nakishika."

Meno yaling'aa. Wakakirudisha kipande mahali pake, kikabana, tak. Kioo kikawaka.

"Nilijua mkwe wangu ataiweza," Mama alisema.

"Lakini Mama, ni wifi ndiye..." Wifi alianza.

"Ndiyo, Mama," Dada Mkubwa alimkatiza. "Ameiweza."

Maneno hayo yalipita kooni kama mwiba wa samaki. Akaenda jikoni kuchemsha chai, na sufuria alizigonga kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.