Shati la Roshani ya Mtoni

Sikukuu ya Nabii Khidhri ilipofika, jioni ambayo wanawake huachia mishumaa ielee mtoni wakiomba dua, mama alikubaliana nami hivi: mshumaa wake ukizimika kabla ya kupita daraja, tutamwekea kaka Muthanna matanga. Ukipita unawaka, nimwache aendelee kumngoja. Nilikuwa nimechoka. Tangu watu wenye bunduki wamshushe Muthanna kwenye teksi, nyumba yetu haijacheka wala haijalia, nami nilitaka tulie, yaishe.

Magoti ya mama hayamfikishi tena mtoni, kwa hiyo mshumaa nikauweka majini mimi, umesimama juu ya kipande cha shina la kuti la mtende. Kisha nikapanda mashua ya Abu Sarmad niufuate. Simwamini mtu katika jambo hili, hata Khidhri.

"Dada, utamfukuza Nabii mpaka Basra?" Abu Sarmad alinicheka. "Wenzio wanaomba dua, wewe unafanya upolisi!"

"Piga kasia, Abu Sarmad."

Jua lilikuwa linazama. Nimezaliwa Baghdad, lakini sikuwahi kuitazama kutoka majini, na sikuipenda. Ilikuwa imenipa mgongo: kuta zilizoota ukungu, mabomba ya maji machafu, madirisha yasiyo na pazia. Nilitafuta nyumba ya mama nisiijue ni ipi.

Mshumaa ukapita chini ya daraja, ukanasa kwenye matete. Hapo ilikuwapo ya wanawake wengine, mingi, ya leo na ya miaka iliyopita. Kumbe yote huishia hapa! Iliniuma. Nikainama niuzime, nimwambie mama ulizimikia njiani. Simu ikalia.

"Mshumaa umepita, mwanangu?"

Nikainua macho. Kwenye roshani ya nyumba moja alisimama mwanamume, ananipungia mkono. Mabega yale nayajua. Mara upepo ukatulia, naye akanywea. Lilikuwa shati la mistari la Muthanna, limetundikwa, na nyumba ilikuwa yetu. Ukipita barabarani, kama nipitavyo mimi siku zote, roshani ile huioni.

"Mama, hilo shati..."

"Nalitundika kila jioni," alisema. "Akija kwa njia ya mto, nyumba ataijuaje? Hebu niambie, huko uliko linaonekana?"

"Linaonekana, mama."

"Na mshumaa?"

Upepo ulikuwa umeanza tena. Nikaukinga mwali kwa viganja vyote viwili, simu nimeibana begani.

"Unawaka."