Timazi ya Fundi Tharcisse

Siku ya Jumatatu, saa moja na nusu asubuhi, Tharcisse alikuwa akipanga mstari wa nne wa ukuta uliokata barabara ndogo ya Nyakasanza, ile inayoshuka hadi mtoni, wakati timazi yake ilipoacha kuning'inia wima. Alikuwa ameishika kamba kama siku zote, na kichuma cha umbo la karoti kilichofungwa mwishoni kilipaswa kuangalia chini. Kiliangalia ng'ambo ya ukuta. Hakukuwa na upepo hata wa kutikisa jani la mgomba. Tharcisse aliingoja itulie, nayo ikatulia hivyohivyo imeinama, basi akapanga matofali kwa kuifuata. Fundi aliyefundishwa vizuri hujenga kwa timazi, hajengi kwa macho, na Tharcisse alikuwa amefundishwa vizuri na baba yake kwa makofi ya kutosha.

Kufikia saa sita ukuta ulikuwa umeinama upande ule kama mtu anayetega sikio. Fundi mwenzake, jina lake Kule, aliweka mwiko chini akautazama.

"Tharcisse, ukuta inalala."

"Timazi inasema iko sawa."

"Basi timazi yako inapenda kitu kule," Kule akasema, akaketi kula muhogo wake.

Ukuta wenyewe uliagizwa na Komanda, mkuu wa wapiganaji wa upande wa juu. Vita vilikuwa vimeugawa mji, watu wa juu huku, watu wa chini kule, watu ambao mwaka juzi tu walikuwa wakioana, wakizikana na kuazimana chumvi. Komanda alitaka ukuta wa mita mbili na nusu, usio na tundu, uwe umekwisha Jumamosi. Hakuwa mtu wa kupiga kelele. Alizungumza polepole, kwa adabu, na ndiyo maana watu walimwogopa.

Jumanne alipita kukagua. Alisimama mbele ya ukuta uliolala, mikono nyuma.

"Fundi, juu ya nini ukuta yangu inaangalia kwa bale batu ya chini?"

"Ni timazi, Komanda."

"Bomoa. Jenga tena. Nikikuta imelala vile tena, nitajua weye ni mutu wao."

Nyakasanza nzima ilijua waliojulikana hivyo walipelekwa wapi, na kwamba hakuna aliyerudi. Tharcisse alibomoa. Akajenga tena, kwa timazi ileile maana hakuwa na nyingine, na ukuta ukalala tena, safari hii zaidi. Kabla ya Komanda kurudi yeye na Kule waliufunika kwa maturubai wakasema udongo unakauka.

Jioni alimweleza mkewe Rebecca. Rebecca alikuwa akichambua maharage. Alifuta mikono, akaichukua timazi, akaiinua. Kichuma kiligeuka taratibu hadi kikaangalia kaskazini, upande wa Bule, kulikokuwa na shamba lao walilolikimbia na mahindi yakiwa machanga.

"Najua," Rebecca akakiambia kile kichuma, akamrudishia mumewe kamba. "Kazi ya moyo wangu nimeiona. Yako iko wapi?"

"Sijue, mama."

"Kwani hujawahi kujiuliza? Miaka yote ile?"

Tharcisse hakuwa amewahi kujiuliza. Alikuwa na miaka arobaini na moja. Alipokuwa na miaka kumi na tisa baba yake alimpa mwiko akamwambia kazi ni hii, na tangu hapo hakuna aliyemwuliza tena, naye pia hakujiuliza.

Jumatano asubuhi kichuma kilisimama usawa wa kifua chake, kamba imekazwa, kikivuta kama mbuzi aliyeona majani. Tharcisse alishika kamba kwa mikono miwili. Katikati ya ukuta walikuwa wameacha pengo la kupitishia matofali, na kichuma kikalielekea hilo pengo.

"Ukifuata, watakuua," Kule akasema.

"Nisipofuata, ukuta italala, wataniua vilevile."

Kule akafikiri. "Ni kweli. Basi enda, lakini rudi mbele ya saa sita."

Akaenda. Ng'ambo kulikuwa na nyumba zisizo na milango wala mabati, maana vyote vilikuwa vimebebwa. Ndani ya sebule moja nyanya zilikuwa zimeota. Mzee mmoja aliyekaa kwenye kigogo alimwona mtu anayevutwa na kamba, akamsalimu, "Jambo, fundi," na Tharcisse akaitikia, "Jambo, baba," akiwa mbio. Kichuma kilimpitisha vichochoro vitatu kikamwingiza katika ua wenye tanuru la udongo, moshi wake mweupe ukipanda moja kwa moja. Hapo, juu ya beseni lililofunikwa kitambaa, kichuma kikaning'inia wima. Hakikutikisika. Kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu kamba ilikuwa nyepesi mkononi.

Mwenye ua alikuwa mjane aliyeitwa Scholastique, mwanamke mrefu mwenye mikono ya unga. Alimtazama Tharcisse, akaitazama timazi.

"Umechelewa," akasema. "Osha mikono."

Hakumwuliza anatoka upande gani. Tharcisse aliosha mikono, akafunua beseni. Ngano ilikuwa haba siku zile, magari yaliyoileta kutoka Aru hayakufika, kwa hiyo Scholastique alichanganya unga wa muhogo, na badala ya hamira ya dukani alitumia donge la jana lililochacha, ambalo lilizaliwa na la juzi, hivyo hivyo hadi kwa mama yake mzazi. Tharcisse akazamisha vidole. Akaanza kukanda.

Ndipo akayakumbuka mambo ambayo yalikuwepo siku zote na hakuyaona. Kwamba kwa miaka ishirini na miwili ya kujenga hakumruhusu kibarua yeyote akande udongo. Aliukanda mwenyewe, kwa miguu kwanza, kisha kwa mikono, hata pale tajiri alipomcheka. Kwamba udongo ukishakuwa laini moyo wake ulitulia, na ikija zamu ya kupanga matofali alianza kuhesabu saa. Kwamba akipita penye wanawake wanaosonga bugali miguu yake ilipunguza mwendo, naye alidhani ni njaa. Watu walimsifu kwa kuta zake. Hakuwahi kuipenda hata moja.

"Wacha sasa," Scholastique akasema. "Ipumzike."

Walifunika. Donge likaanza kuumuka. Lilijaa beseni, likainua kitambaa, likapumua ndani na nje kama kifua cha mtoto aliyelala. Kisha beseni lenyewe likaacha ardhi, likapanda kiasi cha shibiri moja, likabaki hewani. Scholastique alichukua jiwe akaliweka juu ya ukingo, beseni likashuka.

"Inafanyaka vile kama inakandwa na mutu yake," akasema. "Mama yangu alikuwa anatumia mawe mawili."

Tharcisse alipiga magoti mbele ya lile beseni akaweka kiganja juu ya kitambaa. Lilikuwa na joto. Aliogopa, kwa woga ule wa mtu aliyeingia kanisani peke yake, na alifurahi hadi akalia, mtu mzima na ndevu zake, machozi yakishuka kwenye unga. Alijiona kana kwamba amekutanishwa na ndugu ambaye hakuambiwa kwamba yupo. Scholastique alimwacha alie. Alikuwa na mikate ya kuingiza motoni.

Saa sita kasoro Tharcisse alirudi kwenye pengo, na Komanda alikuwa amesimama hapohapo na watu wake wanne. Maturubai yalikuwa chini. Kule alikuwa amekalishwa juani, mikono kichwani.

"Unatoka wapi, fundi?"

"Kwenye furu ya kuchomea mikate, Komanda. Timazi inanivuta kule. Haiko kabila, ni mikate tu." Akanyoosha mkono wake wenye unga hadi kwenye kiwiko, maana hakuwa na ushahidi mwingine. "Ujaribu weye mwenyewe. Kila mutu inamupeleka kwake."

Komanda aliitazama timazi kwa muda. Kisha akaishika. Kichuma kiligeuka nyuma, kikainuka, kikaanza kumvuta kupanda barabara, naye akakifuata kwa hatua za heshima, watu wake wakimfuata, Tharcisse nyuma yao. Kikampeleka hadi kwenye kibaraza ambako zamani palikuwa na mshonaji, na cherehani moja ya miguu ilikuwa bado pale kwa sababu ilikuwa nzito mno kuibwa. Juu yake kichuma kikatulia.

Komanda akavua koti lake la kijeshi. Mfuko wa kushoto ulikuwa umechanika. Alipuliza vumbi, akatia uzi kwenye sindano mara moja tu, bila kukosea, akaketi akakanyaga. Miguu yake ilijua kazi. Alishona mfuko ule kwa mshono mdogo, ulionyooka, akaugeuza, akashona tena kwa ndani ili usionekane. Watu wake waliangalia pembeni. Ilichukua kama robo saa, na katika hiyo robo saa hakuna mtu aliyepigwa wala kuuawa upande wote wa juu wa Nyakasanza.

Alipomaliza alikata uzi kwa meno. Akapitisha kidole juu ya mshono, polepole, na uso wake ulikuwa wa mtu mwingine kabisa, mpole, mwenye haya kidogo. Kisha akavaa koti.

"Nimeona," akamwambia Tharcisse. "Weye hauko mutu wao. Timazi haisemi uongo."

"Aksanti, Komanda. Sasa ukuta, tunaweza kuacha hata mulango kidogo? Ya mutu moja tu?"

"Ukuta iishe siku ya posho, Jumamosi, vile nilisema."

"Komanda, miye nimejijua leo. Leo hii. Nikifunga pale..."

"Hata miye nimejijua leo," Komanda akasema kwa adabu ileile. "Siku ya posho, fundi. Na iwe munyoofu."

Kule aliachiwa, akamwazima nivo yake ya zamani aliyodhani imepotea, kile kipimo chenye kiputo cha hewa ndani ya maji, ambacho hakikuwa na mapenzi na kitu chochote. Kwa hicho walibomoa na kujenga upya. Kila alfajiri Tharcisse alipita pengoni akaenda kukanda, akajifunza moto, akajifunza kuugonga mkate mgongoni na kusikiliza kama umeiva. Kila asubuhi alirudi akapanga matofali. Ukuta ulipanda wima. Pengo likawa la watu wawili, kisha la mtu mmoja, kisha la kichwa na mabega.

Jumamosi Scholastique alikuja hadi pale na kibakuli kilichofungwa jani la mgomba.

"Ndiyo hii donge. Uipe unga kila asubuhi. Ukisahau siku mbili, itakufa."

"Vuka, mama. Ukuwe huku na siye."

"Na batu ya huku watakula nini? Weye ubakie basi."

Tharcisse alimfikiria Rebecca na watoto watatu. "Siwezi."

"Nami siwezi," Scholastique akasema. "Basi tuache kusumbuana. Funga, jua inapanda."

Alimpokea kibakuli. Akapaka udongo, udongo mzuri, alioukanda mwenyewe, akapanga tofali, na lingine. Waliangaliana hadi tofali la mwisho. Kisha akajaza viungo vyote kwa ncha ya mwiko kama alivyofundishwa, hadi hapakubaki hata pa kupitisha mwanga. Ulikuwa ukuta bora kuliko wote aliowahi kujenga. Kule mwenyewe alisema hivyo, kwa sauti ya huzuni.

Wiki iliyofuata alijenga tanuru uani kwake, akauza mwiko, akaanza kuoka. Rebecca aliweka jiwe juu ya beseni kila asubuhi na baada ya siku chache akaliita jiwe hilo mpangaji. Watu walipanga foleni tangu alfajiri. Kila saa kumi na moja na nusu moshi wa Tharcisse ulipanda, na ng'ambo ya ukuta moshi mweupe wa Scholastique ulipanda pia, moja kwa moja, na yeye akiuona tu alifurahi, akasema, "Ameamuka," na kuanza kazi.

Ikawa hivyo kwa wiki tano. Kisha usiku mmoja mlio wa bunduki ukasikika ng'ambo hadi karibu na mapambazuko, na saa kumi na moja na nusu moshi ulipanda upande mmoja tu.

Tharcisse alingoja hadi saa kumi na mbili. Akaenda ukutani akaita. Aliita jina la Scholastique mara nyingi, akatega sikio kwenye matofali, akatafuta ufa wa kuchungulia. Alipitisha vidole kwenye kila kiungo, kutoka nyumba hii hadi nyumba ile, mstari kwa mstari. Hapakuwa na ufa. Kazi ilikuwa nzuri mno.

Walinzi watatu wa Komanda walikuwa wamekaa pale wakila mikate yake, migongo yao imeegemea ukuta. Mmoja wao, mtu mzima mwenye mvi kidogo, aliupigapiga kwa kiganja.

"Munyoofu sana, ukuta hii," akasema, mdomo umejaa. "Ni nani aliijenga?"

"Ni miye," Tharcisse akasema.