Breki za Kumshusha Mkwe

Mteremko wa Shigunga hauna adabu. Unaanza kama njia nyingine yoyote ya kijiji cha Zagayu, pamba kulia, pamba kushoto, halafu ghafla ardhi inakukimbia, na kutoka hapo mpaka darajani ni mawe, kona na kumwomba Mungu. Danford aliufahamu kuliko alivyopenda. Msimu uliopita alikuwa akiteremsha gunia la pamba kwa baiskeli, raba za breki zikaisha njiani, chuma kikabaki kinasaga chuma, na yeye na pamba yake wakaishia ndani ya ua wa mkonge. Mpaka leo wapo wanaomwita Ndege.

Sasa alitakiwa apite palepale akiwa na mama mkwe.

Milembe, mama wa mkewe Minza, alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili. Madaktari wa macho walikuwa wanakuja hospitali ya Bariadi, na basi la kwenda huko halipandi mlima. Linapita chini, ng'ambo ya daraja. Minza alikuwa amejifungua juzi. Kaka zake walikuwa machimboni, na machimbo gani hakuna aliyejua. Akabaki Danford, na hapo ndipo penye kazi, maana Wasukuma wanamheshimu mkwe kwa umbali. Mtu hali chungu kimoja na mama mkwe, haketi naye kitandani, wala hamgusi. Kumshika mkono hawezi. Kumwongoza kwa fimbo kulijaribiwa mwaka jana. Milembe alijikwaa jiwe la kwanza tu, goti likavimba mwezi mzima.

"Atakaa kwenye keria," Minza alisema, mtoto yuko titini. "Katikati yenu nitafunga gunia la pamba."

"Na breki zikikamata ghafla?"

"Hiyo ndiyo kazi yako. Tafuta breki zenye adabu. Mama akikuangukia mgongoni, hatakanyaga tena hapa kwa aibu. Na asipokwenda hospitali, mjukuu huyu atamjua kwa kumpapasa tu."

Danford akamtazama mtoto, akaondoka na baiskeli yake kwenda Bariadi.

Zamani lisingekuwa jambo la kuwaza. Miaka ile ya foleni na maduka matupu, breki zilikuwa zile zilizokuja na baiskeli, na raba zikiisha unakata kandambili. Lakini hii ilikuwa miaka ya tisini, biashara imefunguliwa. Wanunuzi binafsi wa pamba waliwagombania wakulima kama wachumba, na kwa fundi Januarius, pale sokoni, breki zilining'inia kama nyama buchani. Danford alisimama mbele yazo akishika hii, akiiacha, akishika ile. Kukosa alikuzoea, kuchagua hakufundishwa na mtu.

"Chukua hizi za waya, baba," Januarius alimwambia. "Za kisasa hizi. Ukigusa tu, imesimama."

"Sitaki isimame. Nataka itulie."

Januarius akawaita wenzake waje wasikilize kichekesho cha mtu anayetafuta breki isiyosimamisha. Danford akawaeleza habari ya mama mkwe. Kicheko kikakatika hapohapo, kwa sababu Januarius naye ni mkwe wa watu.

"Ungesema mapema," akasema kwa upole.

Wakaazima ndoo kwa Felisita muuza uji, wakaijaza maji, wakaifunga kwenye keria. Ndoo ndiyo mama mkwe. Nyuma ya soko palikuwa na kiteremko cha kwenda mtoni, Danford akakishuka kwa breki za waya. Zikang'ata mara moja. Maji yote yakamrukia mgongoni.

"Umeshaguswa!" watu wakapiga kelele.

Wakafunga breki ya kukanyaga kinyume. Hiyo ilitulia vizuri, na mtu mwenye haraka angeinunua akaenda zake. Danford akarudia, akarudia tena, maana Shigunga si kilima cha pumzi moja. Mwishowe grisi ikaanza kutoa moshi na pedeli ikalegea chini ya miguu yake kama uji wa Felisita. Akaikataa.

Ndipo Januarius akavuta kutoka chini ya benchi, kwa aibu kidogo, magurudumu mawili ya baiskeli ya mtumba. Katikati ya kila moja palikuwa na kopo nene la chuma. "Breki za dramu," akasema. "Kama za pikipiki, zinakamatia humo ndani. Lakini ni mbaya kwa sura, hazinunuliki."

Zilikuwa mbaya kweli. Danford akashuka nazo mpaka mikono ikachoka, na maji ndani ya ndoo yakatikisika tu, yakabaki. Aliacha pale redio aliyokuja nayo, iwe malipo, akaondoka na magurudumu, wala hakugeuka nyuma.

Asubuhi ya safari, jirani yao Kwandu, bibi asiyeuweza tena mteremko, alimleta Milembe kwa kumshika mkono.

"Mwangaluka, mayu," Danford akamwamkia mama kwa Kisukuma, uso ameuelekeza pembeni.

"Mwangaluka, mkwe. Nasikia huko uliruka na pamba."

"Ni kweli, mayu. Leo siruki."

Milembe akakaa upande, akashika keria kwa mikono miwili, gunia la pamba mbele yake. Kwa kuficha hofu akaanza kusimulia habari za mtamba wake aliyekataa dume. Danford hakusikia hata neno. Ardhi ilipoanza kumkimbia hakungoja mwendo ukue. Alibana nyuma, akaachia, akabana mbele, akaachia, moja ikifanya kazi nyingine ikipumua. Jasho likamwingia machoni. Ua wa mkonge ukaja, ukapita. Gunia halikumsukuma mgongoni hata mara moja, na mtamba bado alikuwa anakataa dume.

Darajani akasimama. Furaha ilimjaa hadi akataka kupiga yowe.

"Mbona umesimama?" Milembe akauliza. "Nishuke? Mteremko ndio unaanza?"

"Umekwisha, mayu. Hapa ni darajani."

"Usinitanie."

"Sikutanii. Sikiliza maji."

Akasikiliza. Kisha mkono wake ukanyanyuka kuelekea bega la Danford, ukakumbuka, ukabaki hewani. Akaushusha taratibu, akapapasa keria, akapapasa spoku, akalifikia lile kopo la chuma lililokuwa bado na joto, akalipigapiga kama mtu anayemsifu ng'ombe wake.

"Wabeja," akalishukuru. "Wabeja sana, mwanangu."

"Karibu, mayu," Danford akaitikia kwa niaba ya gurudumu.

Waliporudi wiki iliyofuata, Milembe alikuwa na jicho moja lililokwisha kupasuliwa na kufunguliwa bandeji. Alisimama darajani akautazama Shigunga kutoka chini mpaka juu, kona kwa kona, jiwe kwa jiwe.

"Kumbe ndio huu?" akasema. "Ningeuona, nisingepanda baiskeli hiyo."

Akajifunga kanga kiunoni, akatangulia kwa miguu, haraka, kwenda kumwona mjukuu wake sura, na Danford akafuata nyuma akisukuma baiskeli.